Sufuria Ndogo

Kila asubuhi kwetu Njoro, Mama huchemsha chai kwa sufuria mbili: kubwa yenye sukari ya watu wote, na ndogo isiyo na sukari, yangu. Mimi hujidunga kidole kwanza, nikasoma kipimo, ndipo nikanywa. Miaka kumi na miwili sasa. Jumatatu ile nilikuta sufuria moja tu motoni. Ile ndogo ilikuwa nje mlangoni, paka akinywa maziwa ndani yake.

Ijumaa tulikuwa tumeenda Nakuru kupigwa picha ya moyo, mimi kwa sababu ya kisukari, dada yangu Jepleting kwa sababu kocha wake alitaka hivyo kabla ya mashindano. Picha zote mbili zilitoka safi. Mama aliziweka karatasi sambamba mezani akasema mabinti zake wana moyo mmoja. Jumapili akatoa ushuhuda kanisani kwamba nimepona kisukari.

Sikuwaambia yaliyobaki. Daktari Nanyama aliniita peke yangu, akanieleza kwamba picha huonyesha jinsi moyo unavyopiga leo, si kile ambacho sukari inaifanyia mishipa polepole. Kipimo cha mkojo kilionyesha figo zangu zimeanza kuvujisha protini, dalili kwamba mishipa inaharibika. Kwa hivyo moyo wangu uko hatarini zaidi kuliko wa Jepleting, hata karatasi zikifanana. Akanipa dawa mbili za kumeza kila siku. Nilizisukuma ndani ya buti langu la mvua.

Jepleting hukimbia kilomita ishirini, akirudi anakula chochote anachokikuta. Kwa siku tatu nilikuwa nimelingana naye.

Nikajimiminia chai ya sufuria kubwa. Nilikuwa nimemeza funda moja tu alipoingia Jepleting, mguu mmoja umevaa buti langu, mwingine una soksi tu. Alikuwa ameyaazima mabuti aende kukamua. Dawa zilikuwa mkononi mwake.

"Hizi ulipewa lini?"

"Ijumaa."

"Na ulitaka tukuzike ndio tujue?"

Mama alitoka nje, akamfukuza paka, akaanza kuisugua ile sufuria ndogo kwa majivu. Ningeweza kusema nilisahau. Wangeniamini, wanajua mimi si msemaji.

Jepleting akakichukua kikombe changu, taratibu, kama anayempokonya mtoto kisu.

"Nakuonea wivu," nikamwambia. "Tangu tukiwa wadogo. Nilitaka tu karatasi yangu iwe kama yako, hata kwa wiki moja."