Tulimsubirisha Bibi Mpaka Desemba

Mama mwenzangu, kama kwenu kuna mzee anayejua waliozikwa migombani, usisubiri watoto warudi Krismasi. Mimi nilisubiri.

Mwezi wa nane binti yangu Evelyn alipanda kutoka Moshi mjini na simu yake. Vijana wa usharika walikuwa wanarekodi wazee, kila mtu na bibi yake. Kwetu ni mama mkwe wangu tu, Bibi Aikaeli, aliyebaki anajua makaburi ya zamani ya kihamba, shamba letu la urithi, yale ya watoto wachanga yasiyo na msalaba.

"Bibi, twende migombani unionyeshe, na majina yao uyataje."

Nikawakatalia. Kihamba ni cha mume wangu Sifael na ndugu zake watatu. Niliogopa watasema mke wa Sifael kamfundisha mama yao maneno ili apate sehemu nzuri.

"Subirini Desemba," nikasema. "Wote watakuwepo, tutachinja, Mama aongee mbele yao."

Bibi akacheka. "Mbuzi wenu anajua siku yake ni Desemba. Mimi yangu nani kaniambia?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Haya, mkamwana. Nitawangoja."

Mwezi wa kumi kiharusi kikampiga. Alipona, lakini mkono wa kulia na ulimi havikurudi.

Desemba wakaja. Shemeji yangu Aminieli akataka aanze msingi wa nyumba kabla hajarudi Dar. Tukamweka Bibi kwenye kiti karibu na mafundi, apate jua. Asubuhi nzima alipigapiga goti kwa mkono wa kushoto, machozi yanamtoka. Nikasema anasikia baridi, nikamfunika blanketi. Nikamletea uji. Akausukuma ukamwagika, nikamgombeza, Mungu anisamehe.

Saa sita fundi akaacha sururu. Vilikuwa vifupa vidogo, vyote vinaenea kwenye sahani.

Mchungaji akaja, tukavizika upya pembeni. Aminieli akamwambia fundi amwage zege la msalaba.

"Niandike jina gani?" fundi akauliza, msumari mkononi.

Tukamgeukia Bibi. Akavuta pumzi, akasema kwa nguvu zake zote. Hatukuelewa. Evelyn akapiga magoti, akamwekea sikio mdomoni. Bibi akarudia, akarudia tena, mpaka zege likaanza kukauka.