Sheria Inaruhusu Baridi

Dada yangu Hacer ni mbishi wa kuzaliwa. Tumegombana kuhusu nikabu yake miaka na miaka. Mimi natembea kichwa wazi, yeye ananiita Mdenmaki wa bandia. Lakini asubuhi ile hatukuwa na muda wa kugombana. Baba alikuwa anakwenda kupasuliwa moyo, na alitaka atuone wote wawili kwanza.

Kwetu Aarhus, hapa Denmark, kufunika uso ni kosa, ila sheria inaruhusu baridi. Kwa hiyo majira ya baridi Hacer huweka nikabu kabatini, hujizungushia skafu ya sufu mpaka machoni, na hakuna anayemsumbua. Tatizo, Machi ilikuwa imefika na jua limewaka.

Askari alitukuta kituo cha basi.

"Mama, hiyo skafu ya nini?"

"Baridi, afande," nikadakia. "Kwani wewe husikii baridi?"

"Mimi natokwa jasho. Na sijakuuliza wewe."

Bibi mmoja akapita na mbwa wake, skafu imemfika puani. Askari akampisha kwa adabu. Damu ikanichemka.

"Na yule je? Mbona humuulizi?"

"Nesrin, hebu nyamaza," Hacer akasema.

Nikamminya mkono. Neno moja tu, dada, sema baridi!

"Siyo baridi, afande," akasema. "Najisitiri. Siwezi kukudanganya."

Nilitamani kumzaba kibao.

"Basi vua hapa hapa, faini utaletewa. Ama twende kituo cha polisi."

Simu ikalia. Alikuwa kaka yetu Orhan. "Mko wapi nyie? Wanakuja kumchukua sasa hivi! Anawaulizia!"

Basi lilikuwa linakata kona. Hacer alilitazama, kisha akaanza kuifungua skafu. Watu wote kituoni waligeuka. Mmoja akapiga mluzi. Uso ule nauona kila siku jikoni kwetu, lakini pale dada yangu alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nikasimama mbele yake, nikawakodolea macho mpaka tukapanda.

Tulimwahi Baba kwenye korido, yuko juu ya kitanda cha magurudumu, wauguzi wanaume wamemzunguka. Alimwona Hacer, uso wazi kwa kuogopa faini nyingine, ameugeukia ukuta. Sikuhitaji kumweleza kitu. Mzee wa watu, mirija mkononi, alishika shuka lake, akajaribu kumrushia mwanawe ajifunike.

Halikufika. Nikalishika upande wa pili, nikalivuta mpaka likamfunika Hacer uso.