Mwito wa Babu Mtoro

Katika mabonde ya mpunga ya Mloka kila mlinzi ana mwito wake, na wa Mzee Mtoro ulijulikana hata na tembo wenyewe. Akiwaona wanatoka porini, alisimama juu ya dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia mpunga, akavuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika, kisha: "Huyooo! Kwa Mtoro huyooo!" Wa madungu mengine wakisikia hawaulizi, wanateremka na mapanga na mienge, wanakuja. Nao wakiita, yeye huenda. Bima yao ndiyo hiyo.

Aliyeupeleka mwito huo mjini ni mjukuu wake, Fikirini, ambaye alimaliza kidato cha nne akiwa amefaulu somo moja tu, mdomo. Alimsimulia Haidari, mtengeneza filamu wa Dar, jinsi babu alivyowahi kuita mpaka msuli aliojifunga kiunoni ukamdondoka, naye akaendelea kuita vivyo hivyo, mkono mmoja umeshika nguzo, wa pili umeshika heshima. Haidari alicheka mpaka akamwaga chai. Mwaka uliofuata filamu ikatoka: mchekeshaji mmoja mnene juu ya dungu, msuli chini, "Kwa Mtoro huyooo!" Hata jina hawakubadili. Fikirini hakuwaomba wabadili.

Basi watu wakapanda juu ya vitu. Wasusi wa Ikwiriri walijirekodi wamesimama kwenye viti vya saluni, na bwana harusi mmoja alipanda meza ya keki. Kila simu ikawa na Mtoro wake. Televisheni moja ya mtandaoni ikamuuliza Fikirini mhusika halisi ni nani. Hapo angeweza kunyamaza, lakini kunyamaza hakujawahi kuwa fani yake.

"Ni babu yangu mzaa mama," alisema, kifua mbele. "Yupo Mloka. Nendeni mkamwone."

Wakaenda. Bodaboda zilishusha vijana kutoka Kibiti, Bungu mpaka Ruaruke. Wakakwea madungu ya watu, wakaita, wakarekodi, wakaondoka. Wiki ya kwanza majirani walikuwa wakiteremka mbio na kukuta vijana wanacheka. Wiki ya pili wakaacha kuteremka.

Jioni moja tembo wakaja kweli.

Fikirini alipigiwa simu na bibi yake, Mwanamkuu, akafika Mloka kesho yake adhuhuri. Mpunga uliobakiza siku chache uvunwe ulikuwa umelala kwenye tope, na nyayo katikati yake pana kama masinia. Babu alikuwa ameinama, anaokota masuke yaliyosalia na kuyatia kikapuni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Umekuja na wapiga picha?"

"Nimekuja peke yangu."

"Basi leo utamchekesha nani?"

Fikirini akainama, akaokota naye. Kisha akasema, "Babu, mimi nilikutania tu. Si babu na mjukuu ni watani?"

"Watani," babu alikubali. "Ungesema nina miguu ya korongo, ningekujibu kuwa bibi yako ndiye pekee anayekuona mzuri, na kunguru naye humwona mwanawe vivyo hivyo. Tungecheka, yakaisha. Utani ni wangu na wewe. Hao wa Dar nimekuwa babu yao tangu lini?"

"Zamda wa shamba la pili amekuja asubuhi analia," babu aliendelea. "Anasema, 'Baba, nilikusikia. Nikadhani ni wale watoto, nikaendelea kupika.' Nimlaumu kwa lipi?"

Fikirini akatoa simu, akajirekodi palepale kwenye tope. Akawaomba watu waache kuita, akawaonyesha shamba, na katikati ya maneno machozi yakamtoka bila kupangwa. Akaituma mtandaoni; kufika alasiri maelfu walikuwa wameshacheka. "Kaka unaua," mmoja aliandika. "Kilio hiki kipewe tuzo," mwingine akasema. Haidari naye akatuma ujumbe: sehemu ya pili imepatikana, tuongee. Fikirini akaifuta video. Wengine walikuwa wameshaihifadhi.

Ikabaki miguu. Akazunguka dungu hadi dungu kuomba radhi, na kila mahali akapokewa vizuri, kisha akaulizwa swali lile lile: safari ijayo tutajuaje kama ni yeye? Zamda ndiye aliyetoa shauri: mzee agonge debe, asiite tena.

"Mwito huu alinipa baba yangu," babu alisema alipoletewa habari. Akalitazama shamba. Sehemu ndogo ya mpunga ilikuwa bado imesimama.

Jua lilipoanza kushuka akapanda dunguni, akagonga debe kulijaribu. Zamda akatokea mbio, panga mkononi. Babu akamshukuru, akamwambia arudi kwake, ni majaribio tu.

Kisha akaugeukia msitu, akavuta pumzi mpaka mbavu zikaonekana, kinywa kikafunguka kwa mazoea. Fikirini, chini ya ngazi, alisubiri. Babu akafumba kinywa, akaligonga debe tena, taratibu, asije akamwita mtu.