Shemeji Odell Alivyotumwa Kuwapeleleza Mwewe

Wiki ile timu yetu ya mpira wa Kimarekani haikuwa na mechi, na mji usio na mechi Jumamosi ni mji wa maneno. Mashabiki wa Nyati wa Chuo cha Ellerbee walijaa kwenye banda langu la samaki tangu Jumanne, si kwa njaa, bali kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kupeleka midomo yao. Mimi nakaanga kambare, wao wanawakaanga Mwewe wa Chuo cha Mount Gilboa, ambao tungekutana nao Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Mwewe gani wale?" Shemasi Hosea alisema, huku akinyonya mwiba. "Vifaranga tu. Mwaka jana tuliwanyonyoa hapa hapa, wakarudi kwao uchi."

"Mwaka jana si mwaka huu," alisema Mwalimu Earnestine bila kuinua macho kwenye daftari lake. Alifundisha hesabu mjini kwetu miaka thelathini na minane, na nusu ya wateja wangu aliwahi kuwafelisha. "Mwaka huu wameshinda mechi tano mfululizo. Na wana mrushaji, yule kijana Tibbs anayegawa mipira yote. Yule si wa kuchezewa."

"Mwalimu, takwimu hazijawahi kumwangusha mtu uwanjani!" Odell akadakia. "Wana ukuta gani wa kumlinda huyo Tibbs wao? Ule si ukuta, ni seng'enge. Mbuzi anapita."

Odell Pruitt ni shemeji yangu. Alimwoa dada yangu mkubwa, Loretta, na dada alipofariki miaka sita iliyopita, undugu wetu haukuzikwa naye. Aliendesha basi la shule mpaka akastaafu, ndiyo maana mpaka leo huongea kana kwamba nyuma yake kuna watoto hamsini wanaopigana.

"Umewaona?" Mwalimu akamuuliza.

"Nimesikia."

"Sikuuliza masikio. Umewaona kwa macho?"

Odell akanywa chai yake ya barafu taratibu kama dawa. Hakuwa amewaona, na sisi sote tulijua.

Basi shauri likakatwa papo hapo. Jumamosi ile Odell aende Mount Gilboa, katika jimbo jirani la Georgia, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, akawatazame Mwewe wakicheza na watu wengine, kisha atuletee habari kamili. Mwalimu alimpa daftari jipya, kila ukurasa na kichwa chake: mrushaji, ukuta, wakimbiaji, mpiga teke. Shemasi, ambaye ujanani alipiga ngoma katika bendi ya Ellerbee, alikuwa na agizo moja tu.

"Niangalizie bendi yao. Wana ngoma kubwa ngapi? Mechi tunaweza kupoteza, binadamu huteleza. Lakini bendi yao ikiizidi yetu wakati wa mapumziko, mimi nahama mji."

Nikamtafutia Odell fulana ya zambarau, rangi ya Mwewe. Aliishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota panya.

"Shemeji," akaniambia, "nikifa njiani, nivue hii kwanza ndipo uite watu."

Alirudi Jumapili, akatukuta bandani baada ya ibada. Nilimsikia kabla sijamwona, maana alikuwa anapiga mluzi. Tangu tumzike Loretta sikuwa nimeusikia mluzi ule.

"Kaeni chini," akasema. "Wale watu wamekwisha. Yule Tibbs hawezi kurusha kushoto. Aliumia bega mwezi uliopita, wanaficha. Akijaribu kushoto, mpira unadondoka kama pichi lililoiva."

Shemasi alipiga meza mpaka chumvi ikaruka. Mwalimu hakupiga kitu. "Umemwona akirusha kushoto?"

"Hakurusha. Si nimekuambia hawezi?"

"Nani kakwambia?"

Hapo shemeji yangu akaanza kutazama viatu vyake. "Kuna mama mmoja tuliketi naye. Anaitwa Vernita. Mwanamke anajua mpira, Mwalimu! Kocha akifikiri jambo, yeye ameshalisema. Alinikaribisha chakula na habari zote akanipa mwenyewe, wala sikumuuliza sana."

Mwalimu akanyoosha mkono, akapewa daftari. Akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti kama anayesahihisha mtihani. "Mrushaji: hawezi kushoto. Ukuta: mbavu za nguruwe, zichomwe polepole, kwa saa sita. Wakimbiaji: pai ya pichi, sukari isizidi." Akageuza ukurasa uliokuwa na doa la mafuta. "Odell, nilikutuma takwimu, umeniletea mapishi."

"Na ngoma?" Shemasi akauliza kwa unyonge.

"Ngoma zipi?"

Tulicheka mpaka wateja wa nje wakachungulia. Lakini mimi nilimtazama shemeji yangu akicheka nasi, na masikio yamemwiva kama kijana aliyekamatwa na barua ya mapenzi, nikasema moyoni: huyu hakwenda kupeleleza, huyu amepelelezwa.

Laiti mambo yangeishia bandani. Ijumaa asubuhi redio ya mji wetu hualika shabiki mmoja kuichambua mechi ya kesho, na wiki ile walimwalika Odell. Alipewa dakika kumi, akala nusu saa. "Watu wa Ellerbee," alinguruma, "kesho kaeni mkao wa kula! Kushoto hawawezi! Narudia, kushoto hawawezi!" Kufikia mchana mji mzima ulikuwa na wimbo huo mmoja. Watu waliuandika kwa chokaa kwenye vioo vya magari. Muuza maua akauandika mlangoni. Hata mchungaji nilipomuuzia samaki alinikonyeza, akasema, "Kushoto, eh?"

Jumamosi ilipofika, moshi wa majiko ya mashabiki ulifunika maegesho ya uwanja tangu asubuhi. Tuliketi mahali petu pa siku zote: Mwalimu na daftari lake, Shemasi, mimi, na Odell kati yetu amevimba kama bwana harusi. Mpira ukaanza, Mwewe wakawa wa kwanza kuushika. Tibbs akarudi nyuma hatua tatu, akatazama kulia, kisha akageuka akaurusha kushoto. Ule mpira ulipaa. Ulikwenda moja kwa moja kama umefungwa kamba, ukatua mikononi mwa mwenzake aliyekuwa peke yake, naye akakimbia nao hadi mstari wa mwisho bila kuguswa na mtu. Walikuwa na pointi sita kabla sijakaa vizuri kwenye kiti changu.

 Jukwaa letu lote, bila kuambizana, likageuka taratibu na kumtazama Odell.

"Bahati," Odell akasema.

Mara ya pili Tibbs akarusha kushoto. Mara ya tatu, kushoto. Kila akirusha, Mwalimu aliandika, na kila akiandika, Odell alipungua kimo.

"Dereva!" mtu akaita kutoka viti vya nyuma. "Hilo basi ulilotupakia lilikuwa linakwenda wapi?"

"Odell!" mwingine akapokea. "Inua mkono wako wa kushoto tuuone! Isije ikawa hujui ni upi!"

Tulifika mapumziko tukiwa na saba kwa ishirini na moja zao. Bendi zikaingia, Shemasi akaanza kuhesabu ngoma kubwa za Mount Gilboa kwa kidole. Alipofika nane na sisi tunazo sita, akajifunika uso kwa kofia.

Odell akasimama. "Shemeji, nisindikize."

Tukazunguka uwanja mpaka kwa watu wa zambarau. Nilimjua Vernita kabla sijaonyeshwa: mwanamke wa miaka sitini na kitu, kofia pana, darubini shingoni, ameketi wima kama uwanja wote ni wake.

"Bwana Leroy!" akasema kwa sauti ya asali. "Karibu. Leo umevaa nguo zako."

"Ulinidanganya," Odell akasema.

"Wewe ndiye uliyeanza. Hapa sioni Leroy hata mmoja."

"Ulinijuaje?"

"Nisikujue vipi? Wimbo wa chuo chetu ulipoimbwa, ulikuwa unafungua na kufunga mdomo kama kambare. Tulipopata pointi, ulishangilia watu wameshanyamaza. Na mwanamume mzima unakula mbavu huku unaandika! Nikasema, masikini, huyu katumwa. Si vizuri nimwache arudi mikono mitupu."

Mimi nilishindwa, nikacheka. Odell akanikata jicho, kisha akamrudia. "Nimelisema redioni, Bi Vernita. Mji mzima umenisikia."

"Najua. Binti yangu alinisikilizisha kwenye simu. Nilicheka mpaka nikaomba maji." Halafu akaiteremsha darubini, na sauti yake ikateremka nayo. "Lakini niliyokwambia juu ya marehemu mume wangu, hayo sikuyatunga."

Odell akavua kofia yake. "Na mimi ya Loretta sikuyatunga."

Kwa miaka sita shemeji yangu hakuweza kulitaja jina hilo mbele ya watu bila kugeuza mazungumzo. Mama yule akanitazama vizuri. "Wewe ndiye mdogo wake? Ni kweli aliwahi kumtupia refa kiatu?"

"Vyote viwili," nikasema. "Akarudi nyumbani peku."

Akacheka kicheko cha mtu ambaye angeelewana sana na dada yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimekwenda pale kumchukia, lakini sikuweza.

Robo ya tatu ya mchezo vijana wetu waliamka. Wakakimbia, wakagongana, wakapata pointi saba, kisha saba nyingine, tukawa ishirini na moja kila upande. Mwewe wakaongeza tatu kwa teke. Zikabaki dakika nne, na mpira ulikuwa mikononi mwao. Wakiushikilia tu mpaka muda uishe, basi.

Ghafla Odell akamkamata Mwalimu mkono. "Mwalimu, sikiliza. Kocha wao akiwa mbele kwa pointi huwa mwoga. Hatarusha tena. Ataupitisha kulia, nyuma ya yule bonge, namba sabini na nne. Hili sikuambiwa na mtu, niliona mwenyewe kule kwao. Nilisahau kuandika kwa sababu..."

"Kwa sababu ya pai," Mwalimu akasema.

"Ndiyo."

Mwalimu akapekua kurasa zake za siku ile, midomo ikihesabu. "Wakikimbia nao, mara tisa kati ya kumi na moja ni kulia," akasema. Kisha mwanamke yule, aliyewanyamazisha watoto wa mji huu miaka thelathini na minane, akapanda juu ya benchi akapiga ukelele: "KULIA! NENDENI KULIA!"

Jukwaa zima likaamka. "Kulia! Kulia!" Watu elfu moja na mikono hewani.

"Kulia kwao au kwetu?" Shemasi akauliza.

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Nusu ya jukwaa walikuwa wanaonyesha huku, nusu kule, na wanaume wawili mbele yangu wakaanza kusukumana kwa ajili hiyo. Mabeki wetu walituinulia macho mara moja, wakatikisa vichwa. Mwewe wakapita kulia, wakazimwa. Wakapita kulia tena, wakazimwa tena. Ikabidi waupige mpira mbele na kutuachia. Kama vijana walitusikia au walikuwa wameshajionea wenyewe, suala hilo bado linaharibu karamu za watu hapa mjini.

Zilipobaki sekunde sita, mpiga teke wetu akasimama mbele ya milingoti. Tatu tu, na tungesawazisha. Akaupiga vizuri, ukapanda vizuri, ukagonga mlingoti wa kulia, ukaanguka nje. Nilisikia mlio wake mpaka kwenye meno.



Jumatatu Odell alikwenda mwenyewe redioni akaomba dakika moja. "Mimi Odell Pruitt niliwaambia kushoto hawawezi," akasema. "Wanaweza. Naomba radhi." Mtangazaji akamuuliza chanzo chake cha habari kilikuwa nani hasa. "Chanzo changu," Odell akajibu, "kinakuja kula samaki Jumamosi."

Na kweli alikuja. Bi Vernita alikula kambare wangu vipande vitatu, akasema chumvi imepungua, nikamnunia kwa muda, halafu nikaonja nikakuta ni kweli. Mwalimu akamhoji juu ya Tibbs kwa saa nzima, na mwisho wakawa wanachora mistari kwenye karatasi moja, vichwa vimegusana, Odell amesahauliwa pembeni na sahani yake.

Alipomsindikiza mgeni akarudi, alinikuta nasafisha kikaango.

"Shemeji," akasema, "Loretta angesemaje?"

"Angeuliza kama anaujua mpira."

"Anaujua."

"Basi umeshajibiwa. Nipitishie hilo taulo."

Mpaka leo hawajaoana. Bi Vernita hataki kuhamia Ellerbee, na Odell anasema hatalala kwenye nyumba yenye mapazia ya zambarau. Jumamosi za kupumzika huzitumia barabarani, mara huku mara kule. Mechi ya Oktoba inakaribia tena, na kila tukianza kuwachambua Mwewe, Mwalimu hufunga daftari na kumwomba Odell akatuangalizie moto nje. Naye huenda, tena bila kubisha, huku amekwisha kuitoa simu mfukoni.