Mali za Bibi Esinala

Msinicheke. Mwaka ule wa korona nilirudi kutoka Joni, kule Afrika Kusini, na friji, na kijiji chetu hakina umeme hata wa kusingizia. Hoteli nilimokuwa nikiosha vyombo ilifungwa, tajiri akasema hana mshahara, nichukue nitakachoweza kubeba. Mke wangu Dalesi akaifanya friji kabati la unga. Panya waliichukia sana.

Kisha likaja tangazo: maskini waliopigwa na korona watapewa kwacha kila mwezi kwa miezi sita, lakini kaya kumi tu katika kila mia. Ghafla umaskini ukawa cheo. Watu waliokuwa wakituringia mabati walipanda juu wakayafunika nyasi. Chifu mwenyewe alivua viatu.

"Hii friji itatuponza, Kenani," Dalesi akaniambia. "Mwenye friji atapewa nini? Barafu?"

Ndipo nikamkumbuka Bibi Esinala. Mjane huyu alilea wajukuu watatu walioachwa na marehemu binti yake, na nyumbani mwake mlikuwa na mkeka, chungu na basi. Umaskini wake haukuhitaji shahidi. Kila mtu alijua jina lake litakuwa la kwanza, hata asipokaguliwa.

"Siku moja tu, bibi," nikambembeleza.

"Leteni, wanangu. Nafasi ndiyo kitu pekee nilichonacho."

Kumbe mwerevu sikuwa peke yangu. Alfajiri ya siku ya ukaguzi nikiikokota friji, nilipishana na jirani yangu Lifati, godoro kichwani. Hatukusalimiana. Jua lilipochomoza, kwa Bibi Esinala palikuwa na magodoro matano, redio saba, baiskeli, cherehani, na mbuzi kumi na mmoja wakitafuna ukuta wake wa nyasi.

Mkaguzi alikuwa dada mmoja kutoka boma, kwenye ofisi za wilaya, Tamandani, kishikwambi mkononi. Kwangu alikuta mkeka. Nikaongezea kikohozi kidogo.

"Usizidishe," Dalesi akanifinya. "Atadhani una korona, akimbie."

Alipofika kwa Bibi Esinala, chifu akamwambia, "Hapa usijisumbue, mwanangu. Andika tu."

"Siandiki nisichokiona," akajibu, akausukuma mlango. Mlango uligoma kwa sababu ya friji yangu. Akajipenyeza, na alipotoka macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Bibi, hivi vyote ni vya nani?"

Bibi Esinala alitutazama mmoja mmoja. Tukainama. Akisema kweli, majina yetu yanafutwa. Akisema uongo, linafutwa lake, na wale wajukuu walikuwa hawajala tangu jana. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka, lakini mdomo ulikataa, na aibu ile ninayo mpaka leo.

"Ni vyangu," akasema.

Dada akapiga picha, akabonyeza kishikwambi chake, jina likafutwa. Nyuma yangu Lifati alilia machozi ya kweli. "Huyu mama ni mtakatifu," akaninong'oneza.

Jioni tulikwenda kufuata vitu. Mtakatifu alikuwa amejinyoosha juu ya godoro la Lifati, anasikiliza redio.

"Karibuni, wanangu. Mmekuja kunijulia hali?"

"Tumefuata vitu vyetu, bibi."

"Vitu gani tena?"

"Bibi, acha utani!"

"Utani upo wapi? Imeandikwa ni vyangu, na picha imepigwa. Kama kuna kosa, kesho twendeni wote boma tukalisahihishe. Kila mtu ataje chake, mimi nitakuwa shahidi wenu."

Lifati peke yake alipandwa na hasira. "Huu ni wizi!"

"Ni wizi kweli, mwanangu. Paza sauti, yule dada bado yuko kwa chifu."

Lifati akanywea. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza tulikuwa maskini kama tulivyojiandikisha.

Majina yalipotoka, waliokosa walirudishiwa vitu vyao bure, tena kwa pole na kikombe cha uji. Sisi tuliopita akatuuzia. Bibi Esinala habishani bei. Ukitaja ndogo, anauliza tu basi la boma linaondoka saa ngapi. Hela zangu za miezi yote sita nilinunulia friji yangu mwenyewe. Lifati alilipa zake mpaka godoro likawa ghali kuliko kitanda.

Tamandani alirudi kuuliza kama msaada uliwafikia waliokusudiwa. Alitukuta karibu na nyumba ya Bibi Esinala, bibi mwenyewe ameketi mlangoni, wajukuu wanatoka shule na sare mpya, mmoja anamenya yai la kuchemsha. Dada akawasha kishikwambi chake, akanigeukia mimi kwanza.

"Kaka Kenani, niambie ukweli. Hela ziliwafikia maskini?"

Nikamtazama bibi. Safari hii mdomo haukukataa.

"Zilifika, dada," nikasema. "Zote."