Haradali ya Mstari wa Kumi na Saba

Daktari Muinde hatibu watu. Ni daktari wa mbegu, na kwa miaka sita amekuwa akitafuta haradali itakayostahimili ukame na kutoa mafuta mengi. Alipanda mistari arobaini shambani kwetu, hapa nje ya Voi, akachomeka vibao vya namba, akarudi zake Nairobi. Kufukuza mbuzi juani miezi miwili, hiyo ni sayansi ndogo, nikaachiwa mimi. Mama mkwe wangu, Tryphena, hakuelezwa kitu. Daktari alisema utafiti utamchanganya mzee.

Jua likafanya kazi yake. Ukabaki mstari wa kumi na saba tu, mimea kumi na miwili. Nikampigia simu.

"Wayua, huo ndio wenyewe!" akapiga kelele. "Ukipotea, miaka yangu sita imekwisha. Nakuja."

Hakusema lini. Wasomi hawasemi. Ijumaa nilienda kuteka maji, huku nyuma Daktari akafika, akamkuta Mama. Na kwa Mama mgeni haondoki hajala, hata awe mwizi. Niliporudi, Daktari alikuwa anapangusa sahani kwa ugali.

"Mama, mboga hii tamu! Ni kanzira?"

"Hata sijui. Nimeing'oa hapo shambani."

Yesu wangu! Nilitoka mbio, yeye nyuma yangu, tonge bado mkononi. Kibao cha kumi na saba kilikuwa kimesimama, safi kabisa, na mbele yake mashimo matupu. Daktari akaketi mchangani akalia, mwanamume mzima, mafuta ya mboga mdomoni. Nisiseme uongo, nami nililia.

Mama akaja polepole. "Mnalilia nini? Wa mbegu si ule pale?"

Mwisho wa mstari, karibu na ua, ulibaki mmea mmoja, umefungwa kipande cha leso.

"Ulio mzuri kuliko yote hauliwi," akasema. "Unafungwa kitambaa, unangojwa. Nani hula mbegu?"

Daktari akafuta machozi, usomi ukamrudia. Akatoa daftari, akaandika. Nikachungulia: Mmea bora. Umechaguliwa na Dkt. Muinde.

Haya basi! Niliinama, nikaushika ule mmea shingoni.

"Daktari," nikamwuliza kwa heshima zote, "nikuongeze mboga?"

Akalifuta jina lake daftarini mbio mbio. Kisha akamgeukia mama mkwe wangu, akamwuliza jina lake kamili.