Kona Nyeusi ya Jani

Mwalimu Zhong aliweza kuichora China nzima kwa chaki akiwa amefumba macho, na hicho ndicho kilikuwa kinanichoma. Watoto kumpigia makofi, sawa. Ila Ruizhu, muuza tofu, naye alikuwa anasimama dirishani na ndoo zake mpaka maziwa ya soya yanapoa. Kwangu alikuwa anapita tu.

Mimi ni mpaka rangi. Vibao vya maduka, majeneza, kazi yangu. Shule niliacha darasa la pili, jiografia inaanza la tano.

Shule ilipotaka ramani kubwa ukutani, nikasema nitapaka bure.

"Wewe, Genfa?" Zhong akacheka. "Nchi ina umbo gani?"

"Jani la ua la begonia. Hata mbwa wa hapa anajua."

Akanipa kitabu. "Fuata hiki. Usitie chumvi yako."

Siku mbili Ruizhu akawa anasimama kwangu. "Kumbe una mkono." Nikajiona mfalme.

Jioni ya siku ya tatu ikabaki kona ya kaskazini mashariki. Kona hiyo Wajapani waliichukua mwaka jana, vibanda vya chai havikuongea kingine. Kitabu kilikuwa bado kinaionyesha ya kijani, kama China yote. Nikasema hapa ndipo namshika mwalimu. Nikaipaka nyeusi, rangi ile ya majeneza.

Asubuhi watoto walikuwa wamejazana mbele ya ukuta.

"Nani kakutuma ukate jani?" Zhong akauliza.

"Gazeti. Kitabu chako kimechacha, mwalimu."

"Kitabu hakisemi nani kapakalia kwa nguvu. Kinasema ni pa nani."

Nilikuwa na jibu la kumkomesha, ila Ruizhu alishatua ndoo. Ana kaka mwanajeshi, yuko Tieling, tangu mwaka jana hajaleta barua. Tieling hiyo kwangu ilikuwa jina tu.

"Tieling iko wapi, mwalimu?" akauliza.

Zhong akaniangalia kwanza. Kisha akanyoosha kidole palepale kwenye nyeusi.

"Genfa," Ruizhu akasema taratibu, "umempaka kaka yangu rangi ya jeneza."

Nikapanda ngazi na kopo la kijani. Zhong akaishika ngazi. Bora angenitukana.

Niliposhuka, Ruizhu akapanda vidato vitatu, akaweka kiganja kwenye rangi mbichi. Alama ya vidole ipo mpaka leo, sijaifuta.

Siku hizi kila asubuhi anasimama pale. Dirishani kwa Zhong haendi tena. Kwangu pia hageuki. Nami napita na ngazi begani, naionea wivu ile kona.